Joho la Zambarau Kwenye Lango la Magharibi

Inspekta alikwisha kuwahoji wezi wa magari, matapeli wa viwanja, na bwana mmoja aliyeuza daraja la serikali kwa wateja wawili tofauti. Wote, mwisho wa yote, walimtazama kwa macho ya kondoo. Hakuna aliyewahi kuketi mbele yake akiwa amekunja uso kama mavyaa wake asubuhi ile ya Jumamosi, mguu mmoja umenyooshwa juu ya stuli, kishikwambi kimelazwa mezani kama kielelezo cha mahakamani.

"Haya, uliza," mavyaa alisema. "Si ndiyo kazi yako, kuuliza watu maswali?"

"Nitauliza, mama. Lakini nikianza, hapa mimi si mkwe tena. Ni mpelelezi."

"Na mimi si mavyaa. Ni mtuhumiwa. Uliza."

Kwenye kona ya sebule, mume wa Inspekta, aliyekuwa akipiga pasi mashati ya wiki nzima, alizima redio taratibu. Tangu mama yake apasuliwe goti na kuhamia kwao, wanawake hawa wawili walikuwa wakiishi kama majirani wanaochangia ukuta. Asubuhi salamu. Jioni chumvi imezidi au haikuzidi. Mama akiwa na neno la kumwambia mkwe, alimwambia mwanawe kwa sauti ya kufika jikoni. Lakini leo alikuwa amebisha hodi chumbani kwao kabla hawajanawa nyuso, akasema, "Namtaka askari. Wewe mwanangu endelea kulala."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mavyaa alikuwa mchezaji wa mchezo mmoja wa mtandaoni uitwao Ngome, ambamo vikosi vya watu waliotawanyika huku na kule hujenga kuta, hufuga farasi na kunyang'anyana bendera. Alianza kuucheza ili kupitisha siku goti lilipomfunga kitini. Sasa alikuwa kiongozi wa wapanda farasi, na humo hakuna aliyemjua kwa jina jingine ila Mama Radi. Mhusika wake, mwanamke mrefu mwenye mabega ya kubeba mlima, alivaa joho la zambarau. Kikosi kizima hakikuwa na mwingine mwenye joho la rangi hiyo.

Alhamisi alasiri mtu mmoja alivuta mnyororo wa lango la magharibi. Lango lilifunguka, kikosi cha adui kikaingia kama maji, kikaondoka na bendera. Wenzake Mama Radi walikuwa na picha za skrini, na kwenye moja ya picha hizo, pale penye mnyororo, alisimama mtu mwenye joho la zambarau.

"Leo saa kumi alasiri ni baraza," mavyaa alisema. "Wanapiga kura ya kunifukuza. Jioni ni fainali."

"Alhamisi, lango lilipofunguliwa, ulikuwa wapi?"

"Mama Radi nilimwacha zizini na farasi. Mimi mwenyewe nilikwenda chooni."

"Una shahidi?"

"Wa chooni?"

Mume alificha uso wake ndani ya shati aliloshika. Inspekta hakucheka, aliuma ndani ya shavu na kuendelea.

"Kwa kawaida jina la mchezaji huonekana juu ya kichwa cha mhusika wake. Kwa nini kwenye picha hizi sioni jina?"

"Kwa sababu ilikuwa usiku. Usiku wa mchezoni, siyo wa kwetu. Humo usiku na mchana hupokezana kila baada ya dakika chache. Usiku ukiingia majina hufutika. Ndiyo utamu wake."

"Na mchezo wenyewe haukuandika aliyevuta?"

"Uliandika 'Mlinzi amefungua lango.' Walinzi tuko ishirini."

 Inspekta aliuliza swali ambalo huwauliza watuhumiwa wote, kwa sababu jibu lake humwonyesha mtu anaogopa nini hasa. "Wakikufukuza, itakuwaje?"

Mavyaa aliangalia dirishani. "Nitarudi kwangu. Hapa sina la kufanya ila kuwatazama mkitoka na kuwatazama mkirudi. Kule ngomeni naitwa, naulizwa, nasubiriwa. Wakishaniita msaliti, basi. Heri nikazitazame kuta zangu mwenyewe."

Pasi ilisimama juu ya kola ya shati mpaka kola ikaanza kunuka kuungua. Mume aliinyanyua haraka.

"Picha," alisema Inspekta. "Zote. Na moja ya Mama Radi mchana."

Picha za ushahidi zilikuwa tatu. Mbili zilipigwa na binti mmoja wa kikosini aitwaye Kengele, ambaye kwa maelezo ya mavyaa hupiga picha hata farasi akipiga chafya. Ya tatu ilipigwa na mwanamke aitwaye Sindano, jina alilopewa kwa ajili ya ulimi wake. Inspekta alizipanga kwenye skrini, juu mbili na chini mbili, pamoja na ile ya Mama Radi akiwa uwanjani mchana kweupe.

"Wewe wa pasi," alimwita mumewe. "Njoo utazame. Usifikiri, niambie tu rangi. Joho la huyu?"

"Zambarau."

"Na huku?"

"Jeusi. Yuko mbali, kwenye kivuli cha ukuta."

"Na hii ya Sindano?"

"Kahawia." Mume alikuna kidevu. "Kwa hiyo walikuwa watatu?"

"Mmoja tu. Tazama mkono wake, haujaachia mnyororo. Picha zimepigwa kwa kupishana sekunde."

"Basi rangi zinadanganya."

"Sasa umesema la maana. Rudi kwenye pasi."

Alikuza ile ya kwanza, yenye zambarau, mpaka mtu wa kwenye mnyororo akajaa skrini nzima, kisha akamwacha na kuanza kutembea pembezoni mwa picha. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote. Wenzake kituoni walimkazia macho mtuhumiwa. Yeye alianza na kiti, zulia, kikombe. Juu ya lango palikuwa na bendera ya kikosi.

"Mama, bendera yenu ni ya rangi gani?"

"Nyeupe. Pepepe. Niliishona mimi... yaani, niliichagua mimi."

"Hapa ni ya buluu."

Mavyaa alivaa miwani. Kweli, bendera ilikuwa ya buluu hafifu, kama shuka lililosuuzwa kwa buluu ya kufulia. Inspekta alisogeza kidole hadi kwenye picha ya Sindano. Humo bendera hiyo hiyo ilikuwa ya manjano kama kiini cha yai, kwa sababu Sindano alikuwa amesimama upande wa pili, palipokuwa na mwenge ukutani.

"Mwezi wa mchezoni unamwaga buluu," Inspekta alisema. "Mwenge unamwaga manjano. Kila kitu kilichosimama pale kimepakwa rangi ya pili juu ya rangi yake. Sasa mama, hebu mpeleke Mama Radi langoni. Simama pale pale penye mnyororo, tusubiri usiku."

Walisubiri. Jua la mchezoni lilishuka nyuma ya minara, majina juu ya vichwa yakafutika, na mwezi ukachomoza mkubwa kuliko haki yake. Mavyaa aligeuza upande wa kutazamia mpaka lango likakaa sawasawa na lilivyokaa kwenye picha ya Kengele, kisha akapiga picha. Inspekta aliziweka mbili sambamba.

Joho la Mama Radi lilikuwa la buluu iliyokolea, kama wino wa kalamu. Halikuwa na chembe ya zambarau.

Mavyaa alivua miwani.

"Kwa hiyo si mimi," alisema mavyaa.

"Si wewe."

"Mimi nilijua si mimi. Nilitaka ujue wewe."

Inspekta aliinua macho. Mavyaa tayari alikuwa akifuta miwani yake kwa ncha ya kitambaa cha meza, kana kwamba alichosema ni jambo la miwani.

"Hiyo inatosha barazani?" mume aliuliza.

"Haitoshi. Watasema amebadilisha joho tangu Alhamisi. Kumtoa mtu mmoja haitoshi mpaka umweke mwingine mahali pake. Sasa swali: ni rangi gani ukiimwagia buluu inakuwa zambarau?"

"Nyekundu," mume alijibu bila kuinua kichwa. "Nyekundu na buluu ni zambarau. Hilo ni la darasa la pili."

"Nyekundu!" Mavyaa alipiga meza kwa kiganja. "Sindano! Joho lake jekundu kama pilipili! Nami nimegombana naye mwezi mzima!"

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Inspekta alihisi ule mwasho wa vidole unaomjia kesi inapoanza kufunguka. Alivaa vifaa vya masikioni vya mavyaa, vyenye maikrofoni, sauti ikibaki wazi pia kwenye kishikwambi ili wote wasikie, akaomba Sindano apigiwe.

Sindano alipokea kwenye mlio wa pili, na pamoja na sauti yake ilikuja ngurumo ya injini.

"Mama Radi, sema haraka, niko kazini. Kulia! Nimesema kulia, hiyo ni kushoto!"

"Siyo Mama Radi. Mimi ni mkwe wake. Nafanya upelelezi."

"Upelelezi! Ameleta polisi?" Breki zililia. "Samahani, namfundisha mtu kuendesha. Baba, tia gia ya kwanza, utulie. Uliza, dada."

"Mna ugomvi gani wewe na Mama Radi?"

"Alinipa farasi kilema."

"Farasi hakuwa kilema!" mavyaa alipaza sauti kutoka upande wa pili wa meza. "Mpandaji ndiye hakuwa na makalio!"

"Nimesikia hiyo!"

"Na uisikie!"

Inspekta aliinua mkono kama askari wa usalama barabarani. "Unavaa joho jekundu. Aliyefungua lango alikuwa na joho jekundu. Una maelezo gani?"

Injini ilinguruma peke yake kidogo. Kisha Sindano alicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyefurahishwa kwelikweli.

"Dada mpelelezi, umeitazama picha yangu vizuri? Tazama chini, kushoto. Unaona nini?"

Inspekta alitazama. Chini kushoto, kwenye kona aliyoipuuza kwa sababu ya haraka ya kufika kwenye bendera, palikuwa na kipande cha bega na fundo la nywele zilizofungwa.

"Hilo ni bega langu. Ukipiga picha mchezoni unajipiga na wewe mgongoni. Siwezi kuwa penye mnyororo na pia niwe ninautazama mnyororo, au mnafundishwaje huko? Kanyaga breki, baba. Breki!"

Mpelelezi mwingine angeona aibu. Inspekta alitabasamu mpaka mumewe akamwona. Alikuza bega lile. Chini ya mwenge ule ule, joho jekundu la Sindano lilikuwa limegeuka rangi ya chungwa linalong'aa. La mtu wa kwenye mnyororo, hatua chache tu mbele yake, lilikuwa la kahawia.

"Sindano, umejiokoa na umenisaidia. Joho la mtu wetu ni jekundu, lakini ni zito kuliko lako. Mnaovaa nyekundu ni wangapi?"

"Watano, mimi nikiwemo. Hata yule Mama Radi anajua." Sauti yake ilipungua makali. "Kwani kweli si yeye?"

"Si yeye."

"Mwambie... aa, nitamwambia mwenyewe. Kushoto sasa! Hiyo ni kulia!"

Ilibaki kazi moja, nayo Inspekta aliijua kama anavyojua njia ya kwenda kituoni. Ukiwa na washukiwa wanaofanana, unawapanga mstari mmoja, mahali pamoja, chini ya taa moja. Gwaride la utambulisho. Kengele alipoambiwa, alipiga kelele za furaha hadi ikabidi Inspekta avue vifaa vya masikioni kwa muda, kisha binti akaondoka kuwakusanya watu. Kabla ya saa tisa alikuwa amekwisha kuwapata wote ishirini.

Aliyekataa alikuwa mmoja. Kiongozi wa kikosi, aliyeitwa Jenerali, mwenye dirii ya dhahabu kifuani, aliandika kwenye ubao wa ujumbe:

BARAZA NI SAA KUMI. GWARIDE HALIMO KWENYE RATIBA.

"Mbona anapiga kelele?" aliuliza Inspekta.

"Ndivyo anavyoandika. Herufi kubwa tu," alisema mavyaa. "Hazungumzi kamwe. Anasema kazini kwake hawapendi kelele."

"Kengele," Inspekta aliuliza kwenye kifaa, "Alhamisi mliotoa maelezo au picha ni akina nani?"

"Wote tuliokuwepo, dada! Kila mtu alisema aliona nini."

"Na Jenerali alisema aliona nini?"

Kengele alisita. "Jenerali? Yeye aliandika tu kwamba kutakuwa na baraza."

Inspekta aliandika neno moja pembeni mwa gazeti la mumewe na kulizungushia duara. Kituoni kwao, jambo likitokea, kiongozi wa eneo huwa wa kwanza kutoa maelezo; huyu hakutoa.

Jua la mchezoni lilikuwa bado juu walipojipanga mbele ya lango la magharibi, na ilikuwa furaha tupu. Kuna aliyeleta ngoma. Kuna aliyeleta mbuzi. Kengele aliruka juu na chini mahali pamoja kama chura. Jenerali alikuja pia, akasimama pembeni juu ya jiwe, dhahabu ikimwaka kifuani, kama mgeni rasmi.

"Wenye majoho mekundu wasogee mbele hatua moja," Inspekta alisema. "Wengine mtulie. Na huyo mbuzi aondolewe."

Walisogea. Usiku ukaingia, majina yakafutika, mwezi ukachomoza. Mavyaa alipiga picha mfululizo, na mume, ambaye pasi alikuwa ameiacha zamani, aliinama juu ya bega la mkewe.

Joho la Sindano lilikuwa limegeuka waridi iliyokolea. La pili lilikuwa la rangi ya udongo. La tatu nalo la udongo. La nne, lililokuwa na nakshi nyeupe, liliishia kuwa kijivu cha ajabu. Zambarau haikuwepo.

"Tumekwama," alinong'ona mume.

 Mavyaa alikaza vidole kwenye kingo za kishikwambi.

"Sindano," aliita Inspekta, "asubuhi uliniambia wangapi?"

"Watano."

"Mbele yangu naona wanne."

"Huyu, mimi, yule, na..." Sindano alihesabu kwa sauti, akafika mwisho, akaanza tena. Kisha akasema polepole, "Jamani. Jenerali."

"Jenerali si wa dhahabu?" aliuliza mume.

"Dhahabu ni dirii!" Kengele alidakia. "Ya vitani! Chini yake ana joho, mbona tunaliona kila akipumzika! Damu ya mzee!"

Damu ya mzee. Ile nyekundu nzito, iliyokomaa, inayokaribia weusi. Inspekta alihisi mgongo wake ukinyooka.

"Jenerali," alisema kwa adabu, "tafadhali vua dirii, uingie mstarini."

Maandishi yalichelewa kuja.

MIMI NI MWENYEKITI.

Mavyaa alivuta kifaa cha masikioni kutoka kwa mkwe wake na kukiweka mdomoni. "Na mwenyekiti naye ana joho, baba. Vua."

Kikosi kizima kililipuka kwa kicheko. Ngoma ikapigwa mara moja, pu! Jenerali alishuka kwenye jiwe kwa hatua za mtu aendaye kuchomwa sindano. Alifika mstarini, akasimama kati ya Sindano na yule wa nakshi nyeupe. Dirii ikatoweka.

Chini ya mwezi ule, joho lake lilikuwa la zambarau iliyoiva kabisa.

Ngoma ilinyamaza. Hata Kengele aliacha kuruka. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kikosi kiundwe, alama ya maikrofoni iliwaka juu ya kichwa cha Jenerali, na mtu akakohoa.

"Ndugu wanakikosi," ilisema sauti nzito ya kiume. "Kwa mujibu wa yaliyojitokeza, naomba niwaeleze hali halisi kama ilivyo."

Inspekta alijikuta amesimama wima, visigino vimegusana, mikono ubavuni. Kiti chake kilianguka nyuma yake kwa kishindo. Mume alimtazama kana kwamba amepagawa. Lakini mwili ulikuwa umetambua kabla ya akili, kwa maana sauti ile ndiyo iliyosoma mgawanyo wa zamu kituoni kila asubuhi ya kazi, na hakuna askari aliyewahi kuisikia akiwa ameketi.

"Afande?" alisema.

 Mbuzi alilia mahali fulani nyuma ya ukuta.

"Inspekta?" ilisema sauti.

"Ndiyo, afande."

"Mungu wangu."

"Mnajuana?" alipiga kelele Kengele. "Wanajuana!"

Mkuu wa kituo hakukimbia, na hilo Inspekta alimhesabia. Alieleza yote, sauti ikianza kirasmi na kumalizika kibinadamu. Alhamisi alikuwa ofisini, mlango umefungwa, simu mkononi, mhusika wake amepumzika langoni bila dirii. Mkuu wake wa mkoa aliingia bila kubisha. Yeye aliitupa simu kwenye mtoto wa meza, na kidole gumba, katika kuitupa, kilivuta mnyororo. Alipoitoa baada ya mgeni kuondoka, bendera ilikuwa imekwenda na kila mtu alikuwa akilitaja joho la zambarau.

"Nilipaswa kusema saa ile ile," alisema. "Niliona haya. Mtu mzima, mkuu wa watu, nimefungua lango kwa kuogopa kukutwa nikicheza. Nikasema, acha baraza likae, labda halitaamua kitu. Nilimwacha mtu asiye na kosa abebe mzigo wangu. Mama Radi, nimekukosea. Naomba radhi mbele ya wote."

Mavyaa alichukua muda wake. Alijiweka sawa kitini, akakiegemeza kishikwambi kwenye birika la chai.

"Kwa hiyo wewe ndiye bosi wa mkwe wangu."

"Ndiyo, mama."

"Unayempanga zamu za usiku mpaka anarudi macho mekundu, anakula chakula kilichopoa."

Inspekta aligeuka. Hakuwahi kujua kwamba kuna mtu aliyekuwa akikitazama chakula chake kikipoa.

"Ndiyo, mama," ilisema sauti, ndogo zaidi.

"Na leo huyo huyo amekukamata wewe, kwa rangi ya nguo, akiwa sebuleni kwake, siku yake ya mapumziko."

"Nimeona, mama. Ni mpelelezi bora niliye naye. Jumatatu nitalisema hilo kwenye gwaride."

"Utasema ulimwona wapi?"

Kicheko kilikuwa cha watu ishirini, na mume alilazimika kushika ukingo wa meza.

"Kura!" mtu alidai. "Afukuzwe!"

"Asifukuzwe," alisema mavyaa. "Fainali ni jioni hii, nani atatupanga? Mimi nimemsamehe. Lakini wiki nzima atazoa samadi zizini kwangu, na joho lake hilo hilo. Na maikrofoni iwe wazi, tusikie akihema. Herufi kubwa marufuku."

"nimekubali," yaliandikwa maneno, kwa herufi ndogo sana.

Sindano alikohoa. "Mama Radi. Yule farasi... labda sikumkalia vizuri."

"Hukumkalia kabisa. Njoo kesho nikufundishe. Si nawe unawafundisha watu kugeuka kulia?"

Saa moja kabla ya fainali lilizuka jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: kila mmoja alikuwa na nafasi yake vitani, na lango la magharibi halikuwa na wa kulishika. Jenerali alisema yeye hajiamini tena karibu na mnyororo. Mavyaa aliwaambia watulie, mlinzi anaye. Akamgeukia mkwe wake.

"Mimi? Mama, sijui hata kutembea humo."

"Utajua. Lete simu yako. Wewe," alimwambia mwanawe, "chai, na usitusemeshe."

Walikaa bega kwa bega kwenye kochi. Mavyaa alimwonyesha pa kubonyeza ili atembee, pa kubonyeza ili achutame, na jinsi ya kuushika mnyororo kwa kidole kimoja bila kuuvuta. Inspekta aligonga ukuta mara mbili, akaanguka kisimani mara moja, akatolewa na Kengele kwa kamba huku kikosi kikimshangilia. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mavyaa, badala ya kumkanya, alimfuta shavu kwa kiganja chake na kusema, "Tazama mbele, wanakuja."

Walikuja kweli. Mienge yao ilijaza bonde lote, wakapiga lango kwa gogo, likatetemeka, likashikilia. Wakapiga tena. Baadhi yao walikuwa wameukwea ukuta kwa ngazi, na mmoja aliruka ndani, upanga umenyanyuliwa, upande ambao Inspekta hakuwa ameugeukia.

"Inspekta!" iliunguruma sauti ya Jenerali. "Nyuma yako! Geuka, nyuma yako!"

"Mwache ashike lango lake," alisema mavyaa, na farasi wake wa radi wakatoka zizini kwa kishindo. "Nyuma yake niko mimi."